Kamba Ilitikisika Mara Moja

Egon Grmek alikosa mambo mengi. Hakuwa na kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kwa maana jiwe la kaburi lilikiponda mwaka wake wa kwanza wa uashi. Hakuwa na mke. Hakuwa na gari. Hakuwa na uvumilivu, hasa kwa kuku wa jirani. Hakuwa na baba tangu umri wa miaka kumi na saba. Mama yake, Pavla, alikuwa hai, lakini hakuwa naye. Pavla aliishi mjini Maribor, safari ya nusu siku kwa treni, na kwa miaka ishirini na moja hakukanyaga kijiji chetu cha Podgriža.

Zaidi ya hayo yote, Egon alikosa jibu. Hakujua ni nini kilichomuua baba yake.

Juu ya kijiji, ndani ya msitu wa misonobari, liko shimo refu tunaloliita Susu. Ukitupa jiwe humo, unahesabu mpaka tano kabla ya kulisikia. Hata wakati wa joto, hewa inayotoka humo ni baridi, na ndege hawajengi viota karibu. Liliitwa Susu, yaani kitanda cha kubembezea mtoto mchanga, kwa sababu wazee walisema linawabembeleza watu mpaka walale.

Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote, mtu mmoja huteremshwa humo kwa kamba, mita kumi na tano. Huko kuna ukingo mwembamba wa mwamba, mwembamba kama rafu ya vikombe. Mishumaa inakaa, miguu haikai. Mtu huwasha mshumaa kwa ajili ya wote waliopotelea shimoni, kisha huning'inia hapo mbele ya ukingo. Walio juu husali rozari nzima, mafungu yote matano, kwa sauti ya chini. Desturi ilisema kwamba aliye chini asisogee wala asitoe sauti mpaka rozari iishe. Hizo ni dakika ishirini. Wazee walisema Susu ina usingizi mwepesi. Ukiiamsha, itakulaza wewe badala yake.

Zamani mtu aliteremka ameketi juu ya ubao, nyayo zake zimekanyaga ukuta. Kisha kijiji kikanunua mikanda ya kupandia milima, ile inayofungwa kiunoni na mapajani. Ladi Grmek, baba yake Egon, alikuwa wa kwanza kuivaa. Aliteremka akitania kwamba sasa amevishwa nepi.

Katikati ya rozari, Pavla alikaribia mdomo wa shimo. Alisema Ladi amekuwa kimya mno. Aliambiwa kwamba kimya ndicho kinachotakiwa. Akaita jina la mumewe, mara moja, kwa sauti kubwa. Silvester, mtunza kanisa, ndiye aliyeshika kamba siku hiyo. Alimwambia anyamaze. Rozari ikaendelea mpaka mwisho.

Walipomvuta Ladi juu, alikuwa amekufa. Hakuwa na mchubuko hata mmoja. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtoto aliyeshiba maziwa.

Hakuna aliyemwambia Pavla kwamba sauti yake ndiyo iliyoliamsha shimo. Walisema hayo dukani, mara tu alipotoka na mkate wake. Miezi minne baadaye aliondoka. Egon alibaki na baba yake mkubwa, Karlo, kwa sababu ya nyumba na kazi ya mawe.

Mwaka huu, Egon alikwenda kwa Silvester na kusema, "Nitateremka mimi."

"Wewe ni mtoto wa Pavla," Silvester alimjibu.

"Ndiyo maana."

Silvester akaandika jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa.

*

"Utakufa," Karlo alisema mezani jioni ile. "Nipe chumvi."

"Sitakufa, baba mkubwa. Nitakaa kimya kuliko mtu yeyote aliyewahi kuteremka. Hapo deni la mama litakuwa limelipwa, na wao watanyamaza juu yake."

"Wewe kukaa kimya? Hata ukilala unagombana na mtu." Karlo alikoroga supu yake ya kabichi iliyochachushwa na maharagwe. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kigoda, umefungwa bendeji kutoka kifundo hadi gotini. Ulikuwa na kidonda kisichopona tangu Pasaka. "Baba yako alikuwa mtulivu kama ng'ombe, na bado shimo halikumwacha."

"Basi nitafanya mazoezi."

"Ya kuning'inia?"

"Ya kutosogea."

Jumanne asubuhi walipanda kwenye dari ya ghala, mahali tunapokausha mapaja ya nguruwe. Mapaja kumi na mawili yalikuwa yakining'inia kwenye boriti, meupe kwa mafuta na chumvi. Egon alivaa mikanda ileile ya kijiji. Alipitisha kamba kwenye kapi la boriti, Karlo akamvuta mpaka nyayo zake zikaacha sakafu kwa kadiri ya shubiri mbili. Akaifunga kamba kwenye kulabu ya ukutani.

"Sasa sali," Egon alisema.

"Yote?"

"Yote. Na usiharakishe kama ufanyavyo kanisani."

Karlo aliketi juu ya kreti, akafumba macho, akaanza. Upepo uliingia kati ya mbao. Mapaja ya nguruwe yaligeuka kidogo, kushoto, kulia. Egon hakugeuka. Aliyalegeza magoti. Mikono aliiacha ianguke.

Katika fungu la kwanza la rozari, aliona fahari. Katika la pili, vidole vya miguu viliingia ganzi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na ghala lilikuwa baridi. Tumbo lilimchafuka. Alitaka kumeza mate, hakuwa nayo.

Kisha akasikia wimbo.

Ulianza kama mvumo, mbali, nyuma ya masikio. Ulikuja na kurudi, ukaja na kurudi, kama mtu anayebembeleza mtoto chumba cha pili. Ghala likapungua mwanga kutoka pembeni. Mapaja ya nguruwe yakawa watu waliofungwa nguo nyeupe, wamesimama hewani, wakimsubiri. Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mama yake. Hakuogopa hata kidogo, na hilo ndilo jambo alilokuja kuliogopa baadaye.

"...sasa na saa ya kufa kwetu," Karlo alisema, macho amefumba.

*

Nadja alikuwa muuguzi wa wilaya. Kila Jumanne alikuja kubadilisha bendeji ya Karlo. Jikoni hakumkuta mtu, akasikia sala juu ya ghala, akapanda ngazi.

Alimwona Egon, kidevu kifuani, rangi ya chokaa, kati ya nyama.

"Teremsha kamba," alimwambia Karlo. "Upesi, lakini usimwangushe."

Karlo alifumbua macho. "Bado fungu moja, sista."

"Mzee Karlo. Kamba."

Alikwisha mfikia Egon. Alimkumbatia miguu na kuiinua, akaiweka juu ya bega lake, magoti yakapanda. Karlo alihangaika na fundo, akalifungua. Egon akashuka, Nadja akampokea na kumlaza chali sakafuni. Akalegeza mikanda ya mapajani. Akaweka sikio karibu na pua yake na kutazama kifua.

"Anapumua," alisema.

Karlo alikuja na kiti mkono mmoja, chupa ya pombe kali mkono wa pili. "Tumkalishe. Mwokoaji mmoja aliwahi kutuambia. Aliyening'inia asilazwe, damu itamrukia moyoni."

"Weka kiti chini. Hata mimi nilifundishwa hivyo zamani. Yalikuwa makosa, na yamekwisha sahihishwa. Anayezimia hulazwa. Na hiyo chupa kunywa wewe, ukitaka, nikishaondoka."

Egon alifumbua macho. Aliitazama boriti.

"Nani alikuwa anaimba?" aliuliza.

"Hakuna aliyeimba," Nadja alisema. "Usiinuke."

"Mama aliimba. Ni Susu. Imenifuata mpaka hapa."

Karlo alifanya ishara ya msalaba.

"Shimo liko kilomita mbili kutoka hapa," Nadja alisema. "Hapa kuna nyama na wajinga wawili. Ulianza na jasho baridi, siyo? Ukafa ganzi miguuni. Tumbo likachafuka, masikio yakavuma, macho yakaingia giza."

Egon alimkazia macho. "Umejuaje?"

"Siku za Jumamosi niko na kikosi cha waokoaji wa mapangoni. Haya ndiyo tunayojifunza kwanza, kabla hata ya mafundo."

Alikaa sakafuni karibu naye, vidole vyake juu ya mshipa wa mkono. Alipoona mapigo yametulia, alieleza. Nayaandika hapa maelezo yake kwa utaratibu, kwa sababu nadhani kila mtu anayefungwa kwenye kamba, awe mpanda mlima, fundi wa minara au fundi wa kupaka rangi maghorofa, anastahili kuyajua.

"Mzee Karlo, mguu wako unavimba lini?"

"Nikisimama sana."

"Kwa nini?"

"Wewe ulisema damu inateremka, inakataa kupanda."

"Basi. Moyo unaisukuma damu mpaka miguuni. Kuirudisha juu, moyo peke yake hautoshi. Misuli ya miguu inasaidia. Kila ukipiga hatua, misuli inaikamua mishipa, damu inapanda, kama unavyokamua chuchu ya mbuzi. Sasa mtu amening'inia wima kwenye mikanda. Hakanyagi kitu. Hasogei. Hakuna anayekamua. Damu inajaa miguuni na kukaa huko. Moyo unapata kidogo, ubongo unapata kidogo zaidi."

"Hata mimi nimewahi kuzimia kanisani," Karlo alisema. "Sikufa."

"Kwa sababu ulianguka. Ulipolala chini, damu ilirudi kichwani ukaamka. Aliye kwenye mikanda hawezi kuanguka. Amezimia, na mikanda bado inamsimamisha. Kichwa kinainama, koo linabanwa. Kwa nje anaonekana ametulia tu."

Egon alitazama mikanda iliyolala kando yake, bado ina umbo la mapaja yake.

"Baada ya muda gani?" aliuliza.

"Hapo ndipo ubaya ulipo. Mmoja dakika tano, mwingine nusu saa. Kijana mwenye nguvu anaweza kutangulia. Madaktari bado wanabishana namna moyo unavyoshindwa, lakini hawabishani juu ya la kufanya. Usining'inie peke yako. Usitulie. Piga miguu, sukuma ukuta, inua magoti. Chukua vitanzi viwili vya kamba, uweke nyayo humo na kusimama, kupumzika, kusimama tena. Mwenzako akinyamaza, usimsubiri. Mtoe. Kama kumtoa kunachelewa, mwinulie miguu. Akifika chini, mlaze. Akipumua lakini haamki, mgeuze ubavu. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua, na mtu apige simu ya dharura, moja moja mbili. Hata akiamka anacheka, apelekwe hospitali, hasa kama alining'inia muda mrefu. Na wewe unakwenda leo."

"Baba alining'inia dakika ishirini," Egon alisema. "Hakusogea. Alikuwa mtu wa kutii."

Nadja alimkalisha Karlo kwenye kreti. Alianza kuifungua bendeji ya Karlo.

*

Alhamisi, Egon akiwa amesharuhusiwa hospitalini, walikwenda wote watatu kwa Silvester. Alikuwa ndani ya kanisa, akikwangua nta kwenye vinara. Alikuwa na miaka sabini na minane, na mikono mikubwa ya mtu aliyevuta kengele maisha yake yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapuliza nta kwenye kisu.

"Kwa hiyo mtu apige mateke mbele ya marehemu," alisema, "kama punda anayeogeshwa."

"Akanyage vitanzi tu, mzee Silvester," Nadja alisema. "Na aitwe kila fungu, naye aitike. Asipoitika, anavutwa."

"Aitwe." Silvester alicheka bila furaha. "Binti, unajua nani aliita mara ya mwisho?"

"Najua," Egon alisema. "Ni mama yangu. Na nyie mkamfukuza."

"Hakuna aliyemfukuza."

"Hakuna aliyemwambia abaki."

Karlo, ambaye hupenda kuketi, aliketi kwenye benchi la mbele. "Silvester," alisema polepole. "Mimi na wewe tumelea watoto. Umewahi kuona susu isiyobembezwa? Susu ikisimama kabisa, ni kwa sababu mtoto hayumo tena. Sisi tumekuwa tukiwaambia watu wasisogee ndani ya susu."

Silvester aliendelea kukwangua. Nadja akamsogelea.

"Wewe ulishika kamba ya Ladi," alisema. "Nataka kuuliza jambo moja tu. Pavla alipoita, kamba ilikuwaje mikononi mwako?"

Kisu kilisimama.

Silvester alikiweka kando ya kinara.

"Ilitikisika," alisema hatimaye. "Mara moja. Hivi." Akatikisa mkono wake kidogo, kama mtu anayegusa pazia. "Kisha basi. Sikumwambia mtu. Nilijua ni Susu imeamka. Nilijua imemshika. Nikasali kwa bidii zaidi, ili imwachie."

"Ilikuwa miguu ya Ladi," Nadja alisema.

"Nimekwisha elewa," Silvester alisema. "Si lazima uendelee."

Aliketi karibu na Karlo. Akauliza, macho yake sakafuni, vile vitanzi vinakuwa na urefu gani.

*

Siku ya Marehemu Wote ukungu ulijaa msituni tangu asubuhi. Saa tisa alasiri watu walisimama kuzunguka shimo, nguo nyeusi, mishumaa mikononi. Wengine walikuwa wamekasirika kwamba desturi imebadilishwa. Mwanamke mmoja alisema wazi kwamba mwaka huu watazika tena. Nadja alikuwa amevaa mikanda yake, na kamba ya pili ilikuwa tayari kwenye kapi la pili, ili aweze kumfuata Egon bila kuchelewa. Wanaume wanne walikuwa wamefanya mazoezi ya kuvuta tangu Ijumaa. Silvester alishika kamba, wa mbele kabisa, karibu na shimo.

Egon alizama ndani ya hewa baridi. Mwanga juu yake ukawa duara, kisha sahani. Ukingo ulitokea mbele yake. Nta ya miaka mingi ilikuwa imeteremka ukutani kama ndevu. Nyuma kabisa kulikuwa na glasi nyekundu yenye mshumaa ulioungua nusu tu, kisha ukazimika. Kwenye glasi hiyo, karibu na kitako, baba yake alikuwa amekwaruza herufi za kwanza za majina yake, L na G.

Egon aliwasha mshumaa mpya kando yake. Akaweka nyayo kwenye vitanzi.

Rozari ilianza juu, ndogo kama nyuki. Akasimama, akapumzika. Akasimama, akapumzika. Miguu yake ilichoka. Chini yake hakukuwa na kitu ila weusi, na katika weusi ule tone la maji lilianguka, likanyamaza, likaanguka. Mwili wake ulitaka kutulia. Giza lote lile lilimwomba atulie. Akaendelea kukanyaga.

Fungu la kwanza lilikwisha.

"Egon, upo?" Ilikuwa sauti ya Silvester, nzito, yenye mikwaruzo.

"Nipo," Egon aliitika.

Na kutoka chini kabisa, polepole, kwa sauti nzito kuliko yake, mtu mwingine akaitika: "Nipo."

Juu, watu walirudi hatua moja nyuma. Silvester alikaza mshiko wake kwenye kamba.

"Ni mwangwi," Nadja alisema. "Sauti imegonga ukuta na kurudi. Endeleeni."

Waliendelea. Aliitwa mara tano, na mara tano aliitika, na kila mara ile sauti ya chini iliitika baada yake. Ni mwangwi, bila shaka. Miaka yote ile hakuna aliyeusikia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuita humo ila Pavla, na siku ile hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Egon alipofika juu alikuwa mwekundu usoni, anatokwa na jasho la moto la mtu aliyefanya kazi. Alijifungua mwenyewe. Akatembea mpaka kwenye mti, akaegemea.

"Njaa inaniuma," alisema.

Yule mwanamke aliyesema watazika alimpa kipande cha keki ya jozi kutoka mfukoni, kimefungwa kwenye leso.

Tangu siku hiyo, karatasi ya Nadja yenye maelezo yote imebandikwa mlangoni mwa kanisa, karibu na orodha ya majina. Vitanzi viwili vimeshonewa kwenye mikanda, visisahauliwe. Kamba ya pili hukaa pamoja na ya kwanza.

*

Jioni ile Egon aliketi mezani kwa Karlo na karatasi. Alikuwa mwandishi mbaya, akaharibu karatasi tatu.

"Mwambie ninamsalimu," Karlo alisema. "Mwambie mguu wangu unapona. Sista anasema nitembee. Sasa hata mimi naambiwa nisitulie."

Egon aliandika kwamba si Susu iliyomlaza baba. Aliandika juu ya damu, miguu na mikanda, sentensi fupi fupi, kama Nadja alivyoeleza. Aliandika: *Sauti yako haikumuua. Ingesikilizwa, ingemwokoa.*

Hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa Silvester, kofia mkononi. Hakutaka kuketi wala kunywa. Aliomba kalamu. Akiwa amesimama, ameinama juu ya meza, aliandika mistari michache chini ya jina la Egon, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi:

*Pavla, ulipomwita kamba ilitikisika. Alikusikia. Mimi niliihisi nikanyamaza. Mwakani tunaomba uje, uwe wewe unayeita.*

Aliweka kalamu chini, akatoka.

Egon alisoma mistari ile mara mbili. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa ngumi yake yenye vidole vinne. Asubuhi, posta ilipofunguliwa, alikuwa wa kwanza mlangoni. Karani aliigonga muhuri na kuitupa kwenye gunia la Maribor.